Upinde mrefu wa mtumba: kuuvisha upote na kuurekebisha hadi upige sawa

Watu hunijia na upinde waliouziwa na mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, au walioufukua kwenye lundo la mitumba soko la Owino, Kampala, na maswali yao ni yale yale. Mbona upote unanichapa mkono? Mbona mishale yote inakwenda kushoto? Upote huu ni wake kweli, au ni wa upinde mwingine? Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, kwa hiyo leo nayaweka yote hapa.

Shika jambo moja kabla ya mengine: matatizo mengi ya upinde wa mtumba hutoka kwenye upote au kwenye mshale. Mbao yenyewe mara nyingi haina kosa. Anayeanza kazi kwa kuikwangua mbao kwa msasa huishia na kuni za kupikia posho.

Ninazungumzia upinde mrefu wa mtindo wa Kiingereza au wa Kimarekani: fimbo yenye urefu unaokaribia kimo cha mtu, isiyo na magurudumu wala darubini. Pinde za wazee wetu, kama zile ambazo Batwa wa Kisoro waliwindia msituni, zina wajuzi wake, nami sitajifanya mwalimu wao.

Maneno machache ili tuelewane. Upote ni uzi wa upinde. Bawa ni kila nusu ya upinde, juu na chini ya mshiko. Tumbo ni upande unaokutazama wewe unapovuta, na mgongo ni upande unaotazama shabaha. Panda ya mshale ni ule mkato wa nyuma unaoingia kwenye upote.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi ya fundi yenye inchi na sentimita.
- Mizani ya ndoano, ile ya wanunuzi wa kahawa au ya bucha. Azima tu.
- Nta ya nyuki. Anayeuza asali atakupa kipande.
- Uzi imara wa polista wa kuzongea, pamoja na penseli na utepe wa gundi wa karatasi.
- Kamba ya kuvishia: kamba nene isiyovutika, yenye mfuko wa ngozi kila mwisho. Fundi viatu atakushonea mifuko hiyo kwa dakika chache.
- Ngozi ya kukinga mkono unaoshika upinde na kipande kingine cha kukinga vidole. Ukiwa kwa fundi viatu, maliza yote.
- Mishale isiyopungua mitano, na miwili kati yake isiwe na manyoya.
- Shabaha laini: gunia lililoshindiliwa kaveera (mifuko ya plastiki) na vitambaa vikuukuu hadi liwe gumu kama mto wa zamani.

Nyuma ya shabaha pawe na ukuta au kilima cha udongo, pasiwe na njia ya watu wala kibanda cha kuku cha jirani. Kichuguu kinashawishi, maana kipo kila mahali, lakini udongo wake ni mgumu na mishale itavunjika. Na upinde huu ni wa shabaha tu. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na ukikutwa nao ndani ya hifadhi askari wa UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) hawatasikiliza habari za mazoezi.

Hatua ya 1: Ukague kabla hujaupinda

Usiuvute dukani. Usiupinde hata kidogo. Uchukue kwenye mwanga wa jua na uutazame polepole, kidole kikifuata jicho.

Kwenye mgongo, tafuta kibanzi kilichoinuka au ufa unaokatiza mbao. Pitisha pamba juu yake. Ikinasa mahali, simama hapo utazame tena. Kwenye tumbo, tafuta mistari myembamba ya kukatiza, kama mikunjo ya shati. Hiyo ni mbao iliyobanwa hadi ikavunjika ndani kwa ndani, na haina dawa. Kama upinde umeundwa kwa tabaka zilizogandishwa, angalia mistari ya gundi pembeni. Mahali inapofunguka hata unene wa wembe, uache. Usiniambie utaitia supaglu.

Kisha uelekeze jichoni kama fundi anavyotazama ubao. Upinde wa mbao tupu uliopigwa sana hubaki umejikunja kidogo kuelekea tumboni hata bila upote. Mkunjo wa inchi moja au mbili ni uzee wa kawaida. Ukizidi hapo, upinde umechoka. Bawa lililojisokota kama ukanda ni kasoro kubwa zaidi, maana upote utakuwa unataka kuchomoka.

Malizia kwenye ncha, pale upote unapokaa. Mikato iwe laini. Ukingo mkali utaukata upote wako ndani ya wiki moja.

Hatua ya 2: Soma maandishi, kisha usiyaamini

Karibu na mshiko mara nyingi utakuta maandishi kama 45# @ 28". Maana yake ni kwamba ukiuvuta inchi 28, unashika mzigo wa pauni 45, yaani takriban kilo 20. Kila inchi unayoongeza au kupunguza hapo mwishoni hubadilisha mzigo kwa pauni mbili au tatu. Miaka nayo hupunguza, kwa hiyo baadaye, ukishauvisha na kuuamsha (hatua ya 6), upime: ning'iniza mizani kwenye upote, vuta taratibu hadi urefu unaovuta wewe, soma kilo, gawanya kwa 0.45 upate pauni.

Urefu wa mvuto wako unaukadiria hivi: tandaza mikono yote miwili, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine, ugawanye kwa 2.5. Mwenye inchi 70 atavuta takriban 28.

Hapa ndipo nilipoupoteza upinde wangu wa kwanza. Ulikuwa umeandikwa inchi 28. Binamu yangu, mrefu kama mvule, aliomba aujaribu mara moja tu, akauvuta hadi nyuma ya sikio. Mlio tuliousikia ulimfanya mama atoke jikoni. Upinde wa inchi 28 hauvutwi 31, na upinde wa mtumba usimpe mtu ambaye hujapima mikono yake.

Kwa anayeanza, pauni 30 hadi 35 zinatosha kabisa. Ukiuziwa wa 60 kwa sifa, utajifunza kutetemeka, hutajifunza kulenga.

Hatua ya 3: Upote wa zamani ni wa makumbusho

Upote uliokuja na upinde usiuamini. Hujui umekaa juani miaka mingapi, wala kama ni wa upinde huo. Uutundike tu ukutani.

Upote mpya, ukinyooshwa, uwe mfupi kuliko upinde kwa takriban inchi tatu. Upinde wa inchi 68 unataka upote wa 65. Kwa upinde wa zamani, au wowote ambao hujui historia yake, tumia dakroni, ambayo ni polista. Hunyumbuka kidogo na kuupunguzia upinde mshtuko. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka kabisa huongeza kasi, lakini hupasua ncha ambazo hazikuimarishwa. Kwa dakroni ya kawaida ya pinde, nyuzi 12 zinatosha hadi pauni 45, nyuzi 14 hadi 55, na zaidi ya hapo 16.

Kuna watu wananiletea uzi wa nailoni wa kuvulia sangara kutoka Ggaba. Una nguvu, sikatai. Lakini nailoni huvutika kama mpira. Asubuhi umeupima vizuri, saa sita umelegea.

Usugue upote mzima kwa nta, kisha uusugue kwa kipande cha ngozi hadi upate joto na nta iingie ndani. Katikati, pale mshale unapokaa na vidole vinaposhika, zonga uzi wa polista kwa kubana, urefu wa inchi sita hivi. Usipozonga, vidole vitautafuna upote.

Hatua ya 4: Kuuvisha upote

Tumia kamba ya kuvishia. Ile njia ya kupitisha mguu kati ya upinde na upote inasokota bawa, na vijana wengi wameharibu upinde mzima kwa njia hiyo.

1. Ingiza kitanzi cha chini cha upote kwenye mkato wa ncha ya chini. Kitanzi cha juu kivae bawa la juu kwa kulegea, chini kidogo ya mkato wake.
2. Vika mifuko ya ngozi ya kamba kwenye ncha mbili.
3. Shika upinde ulale, mgongo juu, tumbo likitazama ardhi. Kamba ining'inie chini.
4. Kanyaga kamba katikati kwa mguu, au kwa miguu yote miwili.
5. Inua mshiko kwa mkono mmoja, taratibu. Mabawa yatainama.
6. Kwa mkono wa pili sukuma kitanzi cha juu hadi kiingie kwenye mkato.
7. Kabla hujalegeza, angalia vitanzi vyote viwili. Kisha teremsha polepole.

Uso wako usiwe juu ya upinde unapofanya haya. Kitanzi kikichomoka, bawa halina adabu.

Kosa la kawaida hapa ni kuuvisha kinyumenyume, tumbo likiwa nje. Linachekesha hadi likutokee. Upande wenye maandishi na ulioviringika zaidi kwa kawaida ndio tumbo. Sehemu unapopita mshale iko juu ya mshiko.

Hatua ya 5: Tazama mabawa

Mpe mtu aushike, wewe simama mbali hatua tano. Mabawa yote mawili yapinde kwa mviringo unaofanana. Pima kutoka kwenye upote hadi kwenye tumbo, mahali pawili palipo umbali sawa juu na chini ya mshiko. Bawa la juu likiwa na pengo kubwa kuliko la chini kwa milimita tatu hadi sita, ni sawa, pinde nyingi huundwa hivyo. Ukiona pahali pamoja pamekunjika kama kiwiko, vua upote, umpelekee anayejua kuchonga pinde, au uurudishe ulikoununua.

Hatua ya 6: Uamshe

Upinde uliolala miaka kabatini hauvutwi hadi mwisho siku ya kwanza. Uvute robo, urudishe kwa mkono, mara ishirini. Kisha nusu, mara ishirini. Kisha robo tatu. Sikiliza. Mlio mdogo wa tik ni onyo; simama, urudi hatua ya 1. Usipousikia, siku ya pili uufikishe kwenye mvuto wako kamili.

Usiuachie upote kamwe bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inabaki ndani ya mbao. Andika onyo hilo ukutani kama una wageni wengi.

Hatua ya 7: Kimo cha upote

Kimo ni umbali kati ya upote na sehemu ya ndani ya mshiko. Waingereza wa zamani walipima kwa ngumi: weka ngumi kwenye mshiko, inua dole gumba, liguse upote. Kwa futi, anza inchi sita na nusu kwa upinde wa Kiingereza na saba kwa wa Kimarekani.

Hiki ndicho kirekebishi chako kikuu, na ni cha bure. Vua upote, uusokote mizunguko mitano kuelekea ulikosokotwa, uvishe tena: umefupika, kimo kimepanda. Ukisokotoa, kimo kinashuka. Piga mishale sita kwa kila kimo. Sikiliza mlio, uuhisi mshiko mkononi. Mahali fulani kelele itapungua na mtetemo utatulia. Aliyewahi kukaza nyuzi za kinubi cha adungu anajua ninachosema, maana unapita mahali penyewe, unarudi kidogo, unapata. Andika kimo hicho kwa penseli kwenye utepe, uubandike ndani ya mfuko wako.

Upote mpya utaendelea kurefuka siku mbili tatu. Upime kila asubuhi hadi utulie.

Hatua ya 8: Fundo la kuwekea mshale

Weka mshale ukiwa mraba na upote, kama pembe ya fundi seremala. Kutoka hapo pima nusu inchi kwenda juu, weka alama kwa penseli. Funga uzi kidogo uwe kifundo, ili panda ya mshale ikae chini yake kila mara. Usikigandishe bado, kitahama.

Panda ibane upote kwa upole tu. Ning'iniza mshale kwenye upote. Ukigonga upote kwa kidole, mshale uanguke. Usipoanguka, panda ni nyembamba mno, isugue kidogo. Ukianguka wenyewe, ni hatari, kwa sababu mshale unaweza kuchomoka unapoachia, na hapo umeachia upote mtupu.

Hatua ya 9: Mishale

Hapa ndipo pesa na subira ziende.

Upinde mrefu hauna dirisha la katikati, kwa hiyo mshale hauwezi kupita katikati ya mbao. Lazima uizunguke ukijipinda. Mkakamavu mno haujipindi, laini mno unajipinda kupita kiasi. Theori ndiyo hiyo tu, mengine ni kupima.

Fito za mbao laini zenye nyuzi zilizonyooka waweza kuchongesha Ndeeba kwa mafundi mbao. Tupa kila ufito ambao mistari yake inatoka pembeni kabla ya kufika mwisho, maana ukivunjika unaingia mkononi. Pima ukakamavu hivi: laza ufito juu ya vigingi viwili vilivyoachana inchi 26, ning'iniza katikati mzigo wa gramu 907 (kilo ya sukari uliyopunguza kidogo kwenye mizani ya dukani), upime unavyobonyea kwa milimita. Gawanya 660 kwa namba hiyo. Ukibonyea milimita 15, ni 44, maana yake unafaa kwa upinde wa takriban pauni 44 au zaidi kidogo. Kwa upinde wa 45 mimi huanza na fito za 40 hadi 45, zote za kundi moja.

Zikate ndefu. Mshale mrefu unakatika, mfupi haurefuki. Uzito wa mshale mzima kwa upinde wa pauni 45 usishuke sana chini ya gramu 29, la sivyo ni kama umeachia upote mtupu. Panda ikatwe kukatiza mistari ya mbao, isiifuate, ili upote usiupasue ufito. Vyuma vya mbele mafundi wa Katwe watakutengenezea, mradi vyote viwe na uzito mmoja.

Manyoya yawe ya ndege, si plastiki, kwa sababu yanapita yakigusa mshiko au mkono wako na lazima yainame. Ya bata mzinga ni mazuri, na baada ya Krismasi yanapatikana bure. Matatu kwa kila mshale, yote kutoka bawa la upande mmoja wa ndege. Ukichanganya kulia na kushoto, mshale utapepesuka kama mlevi.

Hatua ya 10: Jaribio la mshale usio na manyoya

Simama hatua kumi na mbili. Piga mishale mitatu yenye manyoya, kisha miwili isiyo nayo, kwa kulenga mahali pamoja. Maelezo haya ni ya anayevuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Rekebisha juu na chini kwanza. Isiyo na manyoya ikipiga juu ya mingine, fundo liko chini mno, lipandishe milimita mbili. Ikipiga chini, lishushe. Zikilingana, gandisha fundo.

Sasa kushoto na kulia. Isiyo na manyoya ikienda kushoto, mshale ni mkakamavu: tia chuma kizito zaidi. Ikienda kulia, ni laini: kata robo inchi mbele, ujaribu tena, au tia chuma chepesi. Robo inchi, si inchi nzima. Rudia jaribio zima kesho yake, kwa sababu mkono uliochoka husema uongo. Na mtu yeyote asisimame hata pembeni ya shabaha. Mshale usio na manyoya haujui unakokwenda.

Yakikukwama

*Upote unanichapa mkono.* Kimo kiko chini, au umekunja kiwiko kuelekea ndani. Pandisha kimo kwanza, mizunguko mitano. Usipopona, zungusha kiwiko kitazame nje.

*Kelele kubwa na mshiko unatetemeka.* Mara nyingi mshale ni mwepesi. Kimo kikishakuwa sawa, tia chuma kizito.

*Mishale inakwenda kushoto hata baada ya jaribio.* Fumba jicho moja, kisha lingine, ukinyoosha kidole kwenye mti wa mbali. Jicho ambalo likibaki wazi peke yake kidole hakihami ndilo linalotawala. Kama linalotawala ni la kushoto nawe unavuta kwa kulia, upinde hauna kosa.

*Jana ulipiga vizuri, leo haupigi sawa.* Upote umerefuka, au upinde umekaa kwenye joto. Pima kimo kabla ya kulaumu kitu kingine.

*Manyoya yanakatika upande mmoja.* Unyoya wa tofauti, ule unaosimama peke yake, utazame nje ya upinde. Kama tayari unatazama nje, panda imekaa vibaya au fundo liko chini.

*Kitanzi kinachomoka.* Vua upote mara moja. Ama kitanzi ni kikubwa ama bawa limesokota.

*Upinde umepoteza nguvu msimu wa mvua.* Mbao imekunywa unyevu, hasa ukikaa Entebbe karibu na ziwa. Upumzishe ndani pakavu siku kadhaa, bila upote, mbali na moto. Usiuanike juani, wala usiuweke juu ya dari chini ya mabati. Joto la mchana huko juu hulegeza gundi. Ulaze juu ya misumari miwili ukutani, usiusimamishe kwenye kona.

*Nausafirishaje kwa boda?* Bila upote, ndani ya kipande cha paipu ya maji chenye vifuniko. Na ushikilie paipu wima, maana ukiilaza utampiga nayo mwenye boda wa pembeni.